Pua ya Mama Ernestine

Pale Majengo, mjini Goma, upande wa kushoto ukipanda barabara ya Rutshuru, kuna malewa, mgahawa mdogo wa mbao uliopakwa rangi ya buluu. Mabati yake yameshikiliwa na mawe meusi ya volkano ili upepo usiyabebe. Juu ya mlango hakuna kibao. Watu husema tu, "Tukutane kwa Mama Ernestine," na motari wa pikipiki asiyejua ni wapi, huyo ni mgeni wa mji. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi benchi zake nne zinakuwa zimejaa: wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walimu, wanawake walioshuka na karoti na kabichi kutoka Kibumba, na motari wenyewe, ambao hunywa wamesimama, jicho moja kwenye pikipiki.

Mandazi siyo yaliyokuwa yakiwaleta. Tuseme ukweli, mandazi ya Ernestine ni ya kawaida, na siku nyingine yanahitaji meno mazima. Walikuja kwa ajili ya chai ya maziwa. Chai hiyo ilikuwa nzito, rangi ya udongo uliolowa mvua, na tangawizi yake haikukukwaruza koo ila ilikungoja chini kidogo, ukishameza. Mwalimu Laurent, muzee aliyestaafu baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na minne, alikuwa akinywa vikombe viwili kila asubuhi, na kabla ya kikombe cha kwanza hakujibu salamu ya mtu.

Siri ya chai hiyo ilikuwa pua. Ernestine Kahindo alizaliwa karibu na Butembo, na baba yake alikuwa akinunua kahawa vijijini na kwenda kuiuza mjini. Alipokuwa na miaka saba, baba aligundua kwamba binti huyo akiinamia gunia lililofunguliwa anaweza kusema kama kahawa ilianikwa vizuri au ilinyeshewa njiani. Tangu hapo hakununua gunia bila kumwita. Ernestine alikua akijua kwamba ana kitu ambacho wengine hawana. Alipoolewa na Donat, fundi mwashi, na kumfuata Goma, alikuja na nguo zake, Biblia, na pua hiyo. Chai yake haikuwa na kipimo cha kijiko. Aliinamia sufuria, akafumba macho, akasema, "Bado," au akasema, "Basi."

Siku moja Deborah alimjia na kibidoni cha maziwa mgongoni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, wa familia ya wafugaji kutoka vilima vya Mushaki, huko Masisi. Ernestine alifungua kifuniko, akanusa, akauliza, "Ngombe zenu zilibadilisha majani?"

Deborah alishangaa hadi akacheka. "Baba alizihamisha jana tu, ngambo ingine ya kilima. Umejuaje?"

"Ninyi batu ya maziwa njo munapashwa kujua, siyo mimi."

"Mimi nilijua," Deborah akasema. "Nilitaka kuona kama wewe pia utajua."

Hapo hapo wakapendana. Baada ya mwezi Deborah akawa anafanya kazi pale, na baada ya mwaka hakuna aliyekumbuka kwamba kuna siku Ernestine alikuwa peke yake. Deborah alimwita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Ernestine alishika viungo na majani ya chai, Deborah alishika maziwa, na hakuna aliyemwingilia mwenzake. Walikaa hivyo miaka tisa.

Halafu volkano ikatoka. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 2021. Lava ilishuka ikasimama mlangoni mwa mji, kule Buhene, na nchi ikaendelea kutetemeka mchana na usiku. Siku ya tano, asubuhi, redio zikatangaza kwamba mitaa mingi ihame mara moja, Majengo ikiwemo. Ernestine na Donat wakachukua watoto wakakimbilia bandarini kutafuta boti ya Bukavu. Deborah akabaki nyuma kuzima moto na kufunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake, kisha akaenda kwa miguu pamoja na umati wa watu hadi Sake.

Watu waliporuhusiwa kurudi, Deborah ndiye aliyefika wa kwanza. Alipofungua kufuli alikuta malewa ni tupu. Sufuria mbili kubwa, thermosi sita, vikombe, hata kinu cha kutwangia tangawizi, vyote vilikuwa vimekwenda. Kesho yake Ernestine akafika na watoto wake wamechoka, yeye mwenyewe mguu umevimba, na nyumbani kwake ukuta mmoja umepasuka kwa matetemeko. Aliingia akatazama mle ndani. Wateja watano au sita walikuwa wameshakuja kuuliza habari, Mwalimu Laurent akiwa mmoja wao.

"Ufunguo ulikuwa kwa nani?" Ernestine akauliza.

"Kwangu, yaya."

"Kufuli ulikuta imevunjika?"

"Hapana. Nilikuta vile niliifungaka."

"Sasa vitu vilitembea kwa miguu?"

Deborah akamtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. "Yaya, unataka kusema nini?"

"Nasema nilifungulia mulango wangu mutu sijui hata ametoka wapi, na leo amenilipa."

Hakuna aliyetia neno. Deborah alifungua kitenge alichokuwa akivaa kama aproni, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya benchi pamoja na ufunguo. Akatoka. Baada ya wiki tatu alikuwa amesimamisha nguzo nne na turubai ng'ambo ya barabara, na kuanza kupika chai yake mwenyewe.

Mwezi wa nane Ernestine alikuwa safarini kwenda Kiwanja kununua maharagwe. Karibu na Kalengera gurudumu la taksi likapasuka, na abiria wakateremka kungoja kando ya barabara, penye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na viazi vya kuchemsha. Ernestine akakaa. Alipoinua macho aliona sufuria yake mwenyewe juu ya mafiga. Mkono mmoja wa sufuria hiyo uliwahi kukatika, na Donat akaushikisha kwa skrubu ya baiskeli. Skrubu ile ilikuwa pale pale, inang'aa.

"Mama," akauliza taratibu, "hii sufuria muzuri uliitoaka wapi?"

"Ni ya Goma," yule mama akajibu bila wasiwasi. "Batu walipokimbia volkano, dereva mumoja alipita hapa na kamyo imejaa vyombo. Alikuwa anacheka peke yake. Eti batu ya Goma wanafunga mulango na kufuli kubwa, wanasahau bati. Yeye na wenzake wanafungua bati ya nyuma, wanatoa vitu, wanarudisha mawe juu, hakuna mwenye kuona."

Akamchotea Ernestine kikombe kutoka katika sufuria ile, naye akanywa mpaka chini. Aliporudi Goma, kabla hata ya kushusha maharagwe, alizunguka nyuma ya malewa, akapanda juu ya jiwe. Bati la pembeni lilikuwa limepinda ukingo, na misumari miwili haikuwepo.

Siku ile ile angeweza kuvuka barabara. Ni hatua kumi na mbili, alizihesabu mara nyingi baadaye. Lakini alisema ngoja nipumzike, kesho nitakwenda. Kesho yake wateja walikuwa wengi. Juma lililofuata akaona aibu ya kuwa amechelewa juma zima, na kila mwezi uliopita uliongeza aibu juu ya aibu, mpaka jambo lenyewe likawa zito kuliko siku ya kwanza. Akanunua sufuria nyingine. Kila asubuhi alipokuwa akifungua dirisha aliona mgongo wa Deborah ng'ambo, naye Deborah alipogeuka aliona dirisha. Miaka minne ilipita hivyo, na Donat peke yake ndiye aliyeambiwa habari ya Kalengera.

"Enda umuambie," Donat alikuwa akisema.

"Nitaenda."

Basi ukaja mwaka huu, mwaka ambao ulianza vibaya kwa mji mzima, vita ikiingia hadi mitaani, na kila mtu wa Goma anajua bila kuambiwa. Malewa ilifungwa siku kadhaa, ikafunguliwa tena, kwa sababu watu lazima wanywe kitu cha moto hata siku hawajui kesho itakuwaje. Mwezi wa sita, wakati vumbi la kiangazi limeanza, Ernestine alishikwa na homa na mafua ya kumlaza kitandani siku nane. Alipona. Jumapili iliyofuata alikuwa akipiga pasi shati jeupe la Donat la kuendea misa, huku akiongea na jirani dirishani. Donat akatoka chumbani mbio.

"Ernestine! Hausikie?"

"Kusikia nini?"

Alitazama chini. Pasi ya makaa ilikuwa imekaa juu ya shati, moshi unapanda, kitambaa kimekuwa cheusi. Aliinamia, akavuta pumzi kwa nguvu zote. Hakupata kitu. Alikimbilia jikoni akafungua kopo la kahawa, akatia pua ndani, kisha kopo la karafuu, kisha sabuni. Ilikuwa kama kunusa maji. Alikaa chini sakafuni na kopo la kahawa mikononi, na kanisani hawakwenda.

Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia kwamba homa za namna hiyo zinaweza kumwondolea mtu nguvu ya kunusa, na kwamba kwa wengine hurudi baada ya wiki chache, kwa wengine miezi, na wengine hairudi yote. "Siwezi kukuahidia, mama," alisema, na Ernestine akamshukuru kwa kusema kweli.

Hakumwambia mteja hata mmoja. Alianza kupima kwa kijiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Aliendelea kuinamia sufuria na kufumba macho kama zamani ili watu waone, na alisema "Basi" kwa kubahatisha. Siku moja tangawizi ilizidi hadi mwanamke wa Kibumba akakohoa machozi. Siku nyingine maziwa yaliungua chini ya sufuria naye akaendelea kukoroga. Wateja walivumilia. Walisema Mama Ernestine bado hajapona vizuri. Mwalimu Laurent alianza kunywa kikombe kimoja badala ya viwili, na alikinywa kwa adabu, kama mtu anayekunywa dawa.

Kisha barabara ya Masisi ikawa ngumu kwa siku kadhaa, na wachukuzi wa maziwa wakawa wanabebea kwenye chombo chochote walichopata. Asubuhi ya Jumanne Ernestine alipokea bidoni la lita ishirini. Maziwa yalikuwa meupe na mazuri kwa macho. Aliyachemsha, akatia majani, sukari, tangawizi vijiko vitatu, akachuja, akagawa vikombe kumi na nne kwa mara moja.

Lionel, motari mmoja mwenye sauti kubwa, alikuwa wa kwanza kuinua kikombe. Alitema chini pale pale.

"Mama Ernestine! Hii ni chai ao ni esansi? Unataka tuwake moto?"

Mmoja baada ya mwingine wakanusa vikombe vyao wakavishusha. Bidoni lilikuwa limewahi kubeba petroli. Hata mtoto wa shule angelisikia kutoka mlangoni. Ernestine alichukua kikombe, akanusa mbele yao wote, akaonja, na uso wake ukawaonyesha kila kitu. Alikuwa hasikii harufu. Mwalimu Laurent akasema kwa upole, "Mama, tangu lini?" Ernestine alimwaga sufuria nzima kwenye mtaro wa mawe, akafunga dirisha.

Watu wa Majengo si wabaya, lakini asubuhi ni asubuhi, na mtu anataka chai. Ilipofika Ijumaa benchi za Ernestine zilikuwa na watu watatu. Ng'ambo, chini ya turubai la Deborah, watu walikuwa wamesimama kwa kukosa nafasi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, wakati kule kumejaa kabisa, Ernestine alivua aproni yake, akavuka barabara. Alikuwa amechagua saa hiyo makusudi. Motari waliokuwa wakiongea wakageuka. Deborah alikuwa na upawa mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele mbili tatu za mvi zilikuwa zimetokea mbele. Ernestine alishangaa kwamba kwa miaka minne hakuziona.

"Deborah, nimekuya kusema kitu mbele ya batu," akaanza. "Vitu vyangu wewe hukuiba. Wezi walifungua bati ya nyuma. Sufuria yangu niliionaka kwa macho yangu Kalengera, mwaka ule ule, mwezi wa munane. Nilijua ya kama nilikusingizia, na nilinyamaza mpaka leo. Nakuomba pardon."

Deborah hakusogea. Chai ilikuwa ikichemka nyuma yake, naye bila kugeuka akanyoosha mkono akapunguza moto.

"Mwaka ule ule," akasema.

"Njo, ule ule."

"Miaka mine ulikuwa unafungua dirisha unaniangalia, na ulikuwa unajua."

"Njo, nilikuwa najua."

"Na leo umekuya juu pua yako imekufa. Nilisikia habari. Umekuya juu unanihitaji."

Ernestine alikuwa ametayarisha maneno mengine ya kujibu hilo, maneno mazuri aliyoyapanga kitandani. Aliyaacha yote. "Ni kweli," akasema. "Kama pua ingekuwa muzima, labda ningenyamaza tena. Sitakudanganya mara ya pili."

Deborah akageukia sufuria yake. "Nimesikia," akasema. "Sasa rudi kwako. Niko na batu wa kuhudumia."

Ernestine akarudi. Hatua kumi na mbili zile zile. Aliingia, akakaa juu ya benchi. Jambo la ajabu ni kwamba usiku ule alilala vizuri, naye alimwambia Donat kwamba hata kama Deborah hatamsemesha tena, yeye ameshatua mzigo wake. Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita.

Jumanne, jua halijatoka sawasawa, mchukuzi alikuwa ndiyo kwanza anateremsha maziwa, Deborah akasukuma mlango. Hakusalimia. Alifungua bidoni la kwanza, akanusa, akalisogeza kulia. Akafungua la pili, akanusa, akamrudishia mchukuzi.

"Hii ni ya jana, mumeichanganya na ya leo. Peleka kwa mwenye mutakayemudanganya."

Kisha akamgeukia Ernestine. "Sikukuya juu yako. Hii maziwa inatoka kwetu. Mama yangu anaamka na baridi kuikamua. Siwezi kuvumilia batu waiteme chini."

"Aksanti," Ernestine akasema.

"Ngoja, sijamaliza. Uliniombaka pardon kwangu. Lakini jina langu ulilichafulia hapa, ndani ya hii nyumba, mbele ya batu ya hapa. Utalisafishia hapa."

Saa moja ilipofika walikuwepo watu saba, Mwalimu Laurent akiwa mahali pake pa kila siku, karibu na nguzo. Ernestine akasimama katikati, akarudia habari yote tangu mwanzo: kufuli, bati, skrubu ya baiskeli, kikombe alichokunywa Kalengera. Akarudia hata yale maneno aliyoyasema kuhusu mtu asiyejulikana alikotoka, na kuyasema kwa mara ya pili kulimuumiza kuliko yote. "Deborah ametoka Mushaki," akamaliza. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilisema vile ili kumukata."

Ndipo Mwalimu Laurent akaweka kikombe chini na kuinuka, polepole, kwa sababu ya magoti.

"Mimi nilikuwa hapa siku ile," akasema. "Nilisikia, na nilinyamaza. Na baadaye, mama Deborah, nilipokuwa ninapita mbele yako, nilikuwa ninageuza uso. Miaka mine. Mutu wa umri wangu. Unisamehe na mimi."

Deborah alikuwa amejikaza tangu asubuhi, lakini muzee yule alipoinamisha kichwa mbele yake, machozi yakamtoka. Akajifuta kwa kiganja, akasema kwa ukali wa kujificha, "Mwalimu, kaa chini, chai yako inapoa." Akachukua upawa kutoka mkononi mwa Ernestine, akainamia sufuria ya pili. "Bado," akasema. Wakangoja. Kisha akasema, "Basi."

Deborah hakurudi kuwa mfanyakazi wa mtu. Hilo alilisema wazi siku hiyo hiyo, na Ernestine hakutaka lingine. Walikubaliana hivi: kuanzia alfajiri mpaka saa nne chai inapikwa upande wa Ernestine, na kuanzia saa tano chakula kinapikwa upande wa Deborah, fufu na sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa sambaza, na wote wawili wako pande zote mbili. Donat alijenga ukuta wa mawe ya volkano pale palipokuwa turubai, akaweka mabati, na misumari akaipiga mwenyewe, mingi kupita kiasi.

Deborah pia alimwanzishia mwenzake zoezi ambalo muuguzi alikuwa amelitaja. Kila asubuhi alimfumba macho kwa kitambaa na kumpitishia puani kahawa, karafuu, limau, tangawizi iliyopondwa.

"Nini?"

"Hakuna."

"Nini?"

"Hakuna, Deborah. Acha tufanye kazi."

"Tutafanya kazi ukishanusa. Nini?"

Wiki zilipita na jibu likawa ni lile lile. Lakini Ernestine alianza kujifunza njia nyingine. Aligundua kwamba maziwa yakikaribia kuungua sauti yake inabadilika, inakuwa nzito, kama mtu anayenung'unika. Aligundua kwamba tangawizi nzuri inajulikana kwa kidole, ukivunja. Aliandika vipimo vya chai yake kwenye daftari, kwa mara ya kwanza, Deborah akionja na yeye akiandika, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka ikarudi ile ile ambayo Mwalimu Laurent alikuwa akinywa vikombe viwili. Alipomaliza kuandika alishangaa. "Miaka yote nilikuwa nadhani ni pua," akamwambia Donat. "Kumbe ni kitu hata mutu mwingine anaweza kufundishwa."

Mwezi wa kumi, Lionel aliegesha pikipiki yake karibu sana na dirisha, ikitoa moshi mchafu. Ernestine akatoa kichwa nje.

"Lionel, ondoa hiyo pikipiki, inanuka!"

Kisha akashika mdomo. Deborah akaacha kila kitu akamkimbilia. Wakamfanya Lionel awashe injini mara tatu zaidi, wanawake wawili wakiinama nyuma ya ekzosi kama wagonjwa, watu wa barabarani wakisimama kutazama. Ndiyo, ilikuwepo, hafifu, mbali, lakini ilikuwepo. Baada ya juma kahawa ikafuata. Karafuu bado haijarudi, na muuguzi anasema isimkatishe tamaa.

Kabla ya Krismasi, barabara ilipokuwa shwari, Deborah alimwambia, "Tuende kwetu. Miaka yote unapika maziwa ya mama, hujawahi kumuona." Wakaenda na Lionel na motari mwingine, wakapita Sake, wakaanza kupanda. Ernestine hakuwahi kuona vilima vya kijani namna ile, vimekaa kimoja nyuma ya kingine, ng'ombe wakionekana kama mawe yaliyotawanywa. Baridi iliwauma masikio. Walifika mvua ikianza.

Mama yake Deborah, bibi ambaye wote humwita koko Élisabeth, alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, mwembamba, blanketi mabegani. Deborah akapiga magoti kumsalimia, kisha akasema, "Mama, huyu ni Ernestine."

Bibi akamwangalia mgeni kuanzia viatu mpaka kichwani. "Njo wewe ulimuitaka mutoto wangu mwizi?"

Deborah akafungua mdomo, lakini Ernestine akamtangulia. "Njo mimi, koko."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Bibi akachokoa moto na kijiti, cheche zikaruka.

"Alikuya hapa siku zile, alilia siku tatu, hakula," akasema. "Nilikuwa namuambia aache Goma. Alikataa. Alisema yaya wangu siku moja atajua." Akalivuta blanketi. "Mimi sikuamini. Kumbe njo yeye alikuwa na haki."

Machozi yalimjaa Ernestine, akayaacha.

"Kaa," koko Élisabeth akasema, akimsogezea kigoda kwa mguu. "Wanasema unajua kupika chai. Sie hapa tunakunywaka maziwa tupu. Maziwa iko pale, ya asubuhi hii. Pika tuone."

Tangawizi alikuwa nayo kwenye mfuko wake, na majani pia. Akakunja mikono ya sweta, akaweka sufuria juu ya mafiga. Wajukuu wakaja kukaa mlangoni, kisha majirani wawili waliokimbia mvua, kisha Lionel na mwenzake, wamelowa chapachapa. Maziwa yalipoanza kupanda Ernestine aliinamisha kichwa upande mmoja, akiyasikiliza, halafu akaja karibu zaidi na mvuke, akavuta pumzi taratibu.

"Deborah, kuya," akasema. "Niambie kama ni moshi ya kuni niko nasikia, ao ni majani."

Deborah akaja, akainama kando yake, mabega yakigusana.

"Ni vyote mbili," akasema.

"Basi leta vikombe. Leta yote iliyopo."